Wasomaji Wauliza: Maandalizi ya Mtihani wa Vitendo wa Mitandao ya Kompyuta

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinahusu mtihani wa vitendo wa CCIE Enterprise Infrastructure, cheti cha ngazi ya mabingwa wa mitandao, unaotolewa na kampuni ya Cisco. Tumechagua zile zinazogusa mambo yanayowasumbua watahiniwa wengi, na tumezifupisha pale ilipobidi.

Swali: Ndugu Mhariri, nimekwisha kufaulu mtihani wa nadharia wa ENCOR na sasa najiandaa kwa ule wa vitendo. Ninapofanya mazoezi ya saa nane mfululizo, maswali yote ninayaelewa, lakini muda unakwisha nikiwa nimekamilisha theluthi mbili tu ya kazi. Je, nifanye mazoezi ya kuandika amri kwa kasi zaidi?

Jibu: Ndugu msomaji, kasi ya vidole haitakusaidia sana. Mtahiniwa aliyefika hatua yako kwa kawaida anazijua amri zake, na ukipima muda anaoutumia kuziandika utakuta ni sehemu ndogo tu ya zile saa nane. Muda mwingi hupotelea katika mambo mawili: kurudi nyuma kurekebisha kazi iliyofanywa kabla ya swali kusomwa lote, na kutafuta hitilafu ambayo mtahiniwa mwenyewe aliisababisha saa mbili zilizopita bila kujua.

Tuanze na muundo wenyewe. Tangu mwaka 2020 mtihani huu umegawanywa katika sehemu mbili, ya kwanza ikiwa ya usanifu inayochukua saa 3, na ya pili ikiwa ya kusimika, kuendesha na kuboresha mtandao, inayochukua saa 5. Ukishatoka katika sehemu ya kwanza hurudi tena, na dakika ulizookoa huko usitegemee kuzitumia katika ya pili. Kwa sababu hiyo, kufanya mazoezi kana kwamba una saa nane za kusanidi ruta ni kujiandaa kwa mtihani ambao haupo. Jizoeze kwa vipindi vya saa tano.

Ndani ya saa hizo tano, nakushauri utumie nusu saa ya mwanzo bila kugusa kibodi. Soma kazi zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, huku ukichora kwenye karatasi ni kazi gani inategemea ipi. Kikao cha BGP (itifaki ya kubadilishana njia kati ya mitandao mikubwa), kwa mfano, husafiri juu ya TCP kwenye mlango namba 179, na kikiwa kimejengwa kati ya anwani za loopback (anwani za ruta zisizofungwa kwenye kiungo kimoja) hakitasimama mpaka itifaki ya ndani kama OSPF, inayozipa ruta za mtandao mmoja njia, iwe imezitangaza anwani hizo pande zote mbili. OSPF nayo haitapata jirani iwapo VLAN (mtandao pepe ndani ya swichi) haijaruhusiwa kupita kwenye kiungo cha trunk, kinachobeba VLAN nyingi. Mtahiniwa anayefuata namba za maswali pasipo kutazama utegemezi huu hujikuta anahangaika na BGP iliyokwama katika hali ya Active, yaani bado inajaribu kuunganishwa, ilhali kasoro iko kwenye swichi, katika swali alilodhani amekwisha kulimaliza.

Usomaji huo wa mwanzo una faida nyingine ambayo, kwa maoni yangu, ni kubwa zaidi. Masharti hayakai mahali pamoja. Kazi ya tatu inaweza kukutaka uwezeshe ofisi mbili kuwasiliana, jambo ambalo ungelimaliza kwa njia tuli (iliyoandikwa kwa mkono) moja, kisha kazi ya tisa ikasema kwamba hakuna njia tuli itakayokubaliwa popote katika mtandao. Anayeigundua kazi ya tisa katika saa ya nne hubomoa na kujenga upya kila kilichosimama juu ya ile njia tuli. Kwa hiyo andika masharti yote kwenye kipande kimoja cha karatasi, uyasome upya kila unapoanza kazi mpya.

Kuhusu hitilafu unazozisababisha mwenyewe, dawa yake ni uthibitisho wa papo kwa papo. Kazi isiyotimiza kila ilichoombwa haipewi alama nusu. Ama imekamilika ama haina kitu. Basi usiihesabu kazi kuwa imekwisha kwa sababu tu amri zimekubaliwa na kifaa. Itazame kwa amri za `show`, tuma pakiti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, zima kiungo kikuu uone kama ile njia ya akiba inachukua nafasi yake, kisha kiwashe tena na uhifadhi usanidi. Hatua hizo huchukua dakika tatu au nne, na mtahiniwa mwenye haraka huziona kama anasa.

Katika mazoezi yako yajayo, weka karatasi yenye safu tatu: saa ulipoanza kazi, saa ulipomaliza kuisanidi, na saa ulipomaliza kuithibitisha. Baada ya vipindi vichache utaona wazi ni mada zipi zinakula muda wako. Mada utakayoikuta ikikurudia daima katika safu hiyo ya tatu, yaani kusanidi kunakwenda haraka lakini uthibitisho haumaliziki, ndiyo usiyoielewa vizuri, hata kama amri zake umezikariri.

Swali: Je, ni lazima niwe na ruta na swichi halisi, au programu za kuiga mtandao zinatosha?

Jibu: Zinatosha kwa sehemu kubwa mno ya mtihani. GNS3, EVE-NG na Cisco Modeling Labs zote huendesha mfumo halisi wa uendeshaji wa ruta, kwa hiyo OSPF utakayoiona humo ni ileile utakayokutana nayo kwenye chumba cha mtihani. Packet Tracer ni kitu kingine. Yenyewe huigiza tabia ya vifaa, ina sehemu tu ya amri, na inamfaa zaidi anayejiandaa kwa CCNA, cheti cha Cisco kilicho chini ya hiki.

Kinachopaswa kukushughulisha ni kumbukumbu ya kompyuta. Ruta pepe moja ya Catalyst 8000V huhitaji angalau GB 4 za RAM, hivyo mchoro wenye ruta kumi za namna hiyo unadai GB 40 kabla hujaongeza hata swichi moja. Njia ya busara ni kutumia vifaa pepe vyepesi kwa mazoezi ya kila siku ya OSPF, EIGRP (itifaki nyingine ya uelekezaji), BGP na MPLS (upitishaji wa pakiti kwa lebo), na kuviacha vile vizito kwa mada zinazovihitaji kweli. SD-Access (mfumo wa Cisco wa kuendesha mtandao wa ofisi kwa programu) hasa ni mzigo mkubwa kuiendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe, na huko ni afadhali kukodi muda kwenye maabara ya mbali.

Wapo wanaotumia miezi wakilinganisha seva na kupanga nyaya, na mchoro wa kwanza bado hawajauchora. Mchagua jembe si mkulima.

Swali: Kila ninapopewa mtandao wenye hitilafu, huanza kwa kutazama usanidi wote wa kila ruta nikitafuta kosa. Njia hii inanichosha, na mara nyingine nalipita kosa bila kuliona. Mnanishauri nini?

Jibu: Acha kabisa kuanza na `show running-config`. Usanidi hukueleza kile ambacho kifaa kimeagizwa. Hitilafu iko katika kile ambacho kifaa kinafanya, na hivyo viwili vinaweza kupishana. Anza na dalili, uizungushie mipaka, kisha usome mistari michache tu ya usanidi inayohusika na dalili hiyo.

Tuchukue ujirani wa OSPF kama mfano, kwa kuwa hali zake zenyewe humwonyesha fundi pa kutazama. Ukiandika `show ip ospf neighbor` na jirani asionekane kabisa, basi pakiti za Hello, ambazo ruta hutambulishana kwazo, ama hazifiki ama zinakataliwa. Zinazokataliwa huwa zimetofautiana katika mambo machache yanayojulikana: namba ya eneo, vipima muda vya Hello na Dead, uthibitishaji, aina ya eneo kama vile stub (lisilopokea njia za nje), na, katika mtandao wa aina ya broadcast (ambamo pakiti moja inaweza kuwafikia wote), maski ya subneti. Vipima muda vya kawaida katika mtandao wa broadcast ni sekunde 10 na 40, na katika aina ya non-broadcast ni 30 na 120, hivyo ukiona upande mmoja una 30 usikimbilie kubadilisha kipima muda. Chunguza kwanza kama aina ya mtandao ndiyo iliyotofautiana.

Jirani akionekana katika hali ya 2-Way, tulia. Katika sehemu ya mtandao wa broadcast yenye ruta nyingi, ruta mbili ambazo hakuna iliyochaguliwa kuwa DR au BDR (ruta kiongozi na msaidizi wake) hubaki katika hali hiyo daima, na hakuna kasoro yoyote. Nimeona mafundi wazoefu wakipoteza robo saa kutibu mtandao mzima wa afya.

Hali inayostahili muda wako ni ile ya kukwama, upande mmoja ukionyesha ExStart na mwingine Exchange. Hapa Hello zimekubaliwa, lakini ubadilishanaji wa muhtasari wa hifadhidata hausongi mbele. Sababu ya kwanza kuishuku ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), kwa kuwa kila ruta hutaja MTU ya kiolesura chake ndani ya pakiti hizo za muhtasari, na ruta yenye MTU ndogo huikataa pakiti inayotaja kubwa. Sababu ya pili ni kwamba Hello husafiri kwenda anwani ya kundi, 224.0.0.5, ilhali katika mtandao wa broadcast pakiti za muhtasari huelekezwa kwenye anwani ya jirani mwenyewe. Orodha ya udhibiti (inayoamua pakiti zipi zipite) iliyoruhusu ya kwanza na kusahau ya pili itazaa dalili ileile.

Unazitenganishaje bila kusoma usanidi? Tuma ping ndogo ya kawaida kwa jirani. Ikishindwa, mawasiliano ya moja kwa moja yamezuiwa, nenda kwenye orodha za udhibiti. Ikifaulu, itume tena ikiwa na ukubwa wa baiti 1500 na alama ya kutokatwa vipande: `ping 10.1.12.2 size 1500 df-bit`. Ikishindwa hiyo ya pili, tatizo ni MTU. Kwa amri mbili umekwisha kujua uende upande gani.

Kisha jihadhari na tiba ya mkato. Amri ya `ip ospf mtu-ignore` itauinua ujirani huo hadi Full, yaani uliokamilika, nawe utafurahi, lakini pakiti kubwa za watumiaji zitaendelea kupotea kwenye kiungo hicho. Kama kazi ilikutaka uhakikishe seva inafikika, na msahihishaji akaipima kwa pakiti kubwa, umepoteza alama ukiamini umezipata.

Ipo pia hali moja ya hila ambayo napenda kuwakumbusha watahiniwa: ujirani uko Full, na njia hazimo katika jedwali. Tazama aina ya mtandao pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa broadcast na mwingine point-to-point, vipima muda ni sawa, 10 na 40, kwa hiyo ujirani husimama bila malalamiko. Ila kila upande humweleza mwenzake kiungo cha aina tofauti, na hesabu ya njia fupi haiwezi kukamilika.

Swali: Katika mazoezi ya kuhamisha njia kati ya EIGRP na OSPF kwenye ruta mbili za mpakani, nimeweka tagi (alama za kutambua njia zilizohamishwa) kama nilivyofundishwa, lakini ruta moja bado inapitisha pakiti kwa njia ndefu. Je, tagi zangu zina kosa?

Jibu: Yaelekea tagi zako ni sahihi, ila unazidai kazi ambayo si yake. Chukulia ruta za mpakani ni A na B, na upande wa EIGRP kuna njia iliyoingia kutoka nje ya itifaki hiyo. Njia ya namna hiyo ina umbali wa kiutawala (kipimo cha kuaminika, ambapo namba ndogo hupendelewa) wa 170. A inapoihamishia OSPF, B huipokea kupitia OSPF ikiwa na umbali wa 110, na kwa kuwa 110 ni ndogo, B huiamini OSPF na kuiacha ile ya EIGRP iliyokuwa mlangoni pake. Kuanzia hapo pakiti zinazofika B huzunguka mtandao mzima wa OSPF hadi A ndipo ziingie EIGRP. Isitoshe, kama hakuna tagi, B huirudisha njia hiyohiyo ndani ya EIGRP kana kwamba ni mpya, na mzunguko ukazaliwa.

Tagi inakinga hilo la mwisho tu, yaani urudishaji. Haigusi uamuzi wa B wa kuamini ipi kati ya njia mbili inazozisikia. Ili B ichague njia fupi, inakubidi uongeze umbali wa kiutawala wa njia za nje za OSPF kwenye ruta za mpakani uzidi 170, kwa amri ya `distance ospf external`, au uzuie njia zenye tagi hiyo zisiingie katika jedwali la B kwa kutumia distribute-list (kichujio cha njia) inayoirejelea route-map (orodha ya masharti). Fanya yote mawili, tagi na umbali, kwenye A na B, kwa kuwa hujui ni ipi itakayopata njia kwanza. Kisha zima na uwashe upya mchakato wa uelekezaji kwenye kila ruta kwa zamu. Kasoro nyingi za uhamishaji hutegemea nani alitangulia kuamka, na mtandao uliokuwa timamu saa moja iliyopita unaweza kuharibika baada ya kuwashwa upya.

Swali: Mimi ni fundi wa vifaa kwa miaka mingi. Sehemu ya usanifu inanitia hofu kwa sababu haina vifaa vya kugusa. Nijiandaeje?

Jibu: Katika saa hizo tatu utapewa nyaraka: maelezo ya kampuni ya kubuniwa, michoro, barua pepe za wafanyakazi wake, na maswali yanayofuatana. Ukishajibu swali huwezi kulirudia, kwa kuwa maswali yanayofuata yanaweza kukuletea taarifa mpya zinazofichua jibu la lile lililopita.

Kosa la mafundi hapa ni kuchagua teknolojia wanayoipenda. Msahihishaji hakuulizi ni itifaki gani iliyo bora. Anakuuliza ni ipi inayolingana na masharti yaliyotajwa kwenye nyaraka, hata ikiwa wewe mwenyewe usingeichagua kazini. Zoezi linalofaa ni hili: chukua mtandao unaouhudumia, uandike kwa aya moja moja sababu ya kila uamuzi uliomo. Kwa nini eneo lile la OSPF ni stub? Kwa nini muhtasari wa njia unafanyika pale na si kwingine? Kitu gani kingeharibika kama ungefanyika kwingine? Sehemu utakazoshindwa kuzieleza, na zitakuwapo, ndizo za kusomea.

Swali: Nimeona watu wakiuza maswali yaliyovuja ya mtihani huu. Kuna ubaya gani kuyatumia kama mazoezi?

Jibu: Ni udanganyifu, na unakiuka makubaliano ya siri ambayo kila mtahiniwa huyakubali kabla ya kuanza. Ukigundulika, matokeo yako hufutwa na unaweza kupigwa marufuku kufanya mitihani ya mtoaji huyo. Hata ukiweka maadili kando, aliyekariri suluhisho la mchoro fulani hukwama pale sharti moja tu linapobadilishwa, na kisha huajiriwa kwa cheti ambacho hawezi kukitetea siku mtandao wa mwajiri unapoanguka.

Swali: Je, ni lazima nijifunze Python? Mimi ni mtu wa ruta.

Jibu: Ndiyo, kwa kiasi. Katika mtaala wa Enterprise Infrastructure, uendeshaji wa kiotomatiki na uandishi wa programu umetengewa asilimia 15, sawa kabisa na usalama na huduma za mtandao, na sawa na teknolojia za usafirishaji ambamo MPLS imo. Hakuna anayethubutu kuingia chumbani bila kuijua MPLS, hivyo sioni kwa nini upande huu ubahatishwe. Huhitaji kuwa mwandishi wa programu. Uweze kusoma hati fupi ya Python na kueleza inafanya nini, kuomba taarifa kwa REST (njia ya programu kuulizana kupitia wavuti) na kuipokea ikiwa JSON (muundo wa maandishi wa kupangia data), kisha kuchambua kutoka humo thamani moja unayoitaka. Anza na kazi unayoifanya kila siku kwa mkono: hati inayoingia kwenye ruta zote za mazoezi, ikahesabu majirani wa OSPF walio Full, na kukutajia ruta iliyopungukiwa. Hati hiyo itakufaa katika kila kipindi cha mazoezi kitakachofuata.

Swali: Nimefanya mtihani na sikufaulu. Ripoti inaonyesha maeneo niliyofanya vibaya lakini haisemi ni swali lipi. Nianzie wapi?

Jibu: Pole kwa hilo, ingawa hauko peke yako, wengi walio na cheti hiki hawakukipata kwa jaribio la kwanza. Ripoti haitakutajia swali, kwa hiyo chanzo chako bora ni kumbukumbu yako, nayo hufifia upesi. Jioni ileile, kwa matumizi yako binafsi na bila kumwonyesha mtu, andika ni mada zipi zilikufanya usite, ni wapi ulibadilisha uamuzi, na ni wapi uliacha kuthibitisha kwa kukosa muda. Kisha linganisha na maeneo ya ripoti.

Eneo ulilojua kwamba ulibabaika na ripoti ikakubaliana nawe halina fumbo; lisomee. Angalia zaidi eneo ambalo ulitoka ukiamini umelimaliza vizuri na ripoti ikakupa asilimia ndogo. Huko ama ulipitwa na sharti fulani, ama kazi ya baadaye iliivunja kazi ya awali bila wewe kujua. Rudia mazoezi ya eneo hilo ukiwa na karatasi ya masharti mkononi, na kabla ya kufunga kila kipindi tenga dakika ishirini za mwisho kupima upya kazi zote tangu ya kwanza. Kumbuka pia kwamba mtihani wa ENCOR uliokwisha kuufaulu unakuruhusu kujaribu ule wa vitendo ndani ya miaka 3 tu tangu siku ulipoufaulu, hivyo panga tarehe ya kurudia ukiwa na kalenda hiyo mbele yako.